Siku moja maishani mwangu: mwaka tangu Bibi aondoke, na vitumbua lazima viive

Saa 9 usiku
Naamka bila alamu, mwili ushazoea. Mimi nauza vitumbua na chai Ngamiani hapa Tanga, kwenye baraza ileile aliyokaa Bibi miaka yote. Leo Alhamisi ni siku ya kazi kama zingine ila jioni tuna hitma yake, mwaka umetimia. Nimeona niiandike siku nzima maana kuna vitukuu vimezaliwa havitamjua kabisa, vitaambiwa tu "bibi yenu alikuwa mtu mzuri", na hilo ni neno dogo mno kwa yule mama.

Mchele niliuloweka jana asubuhi, usiku nikasaga na tui, hiliki na hamira, sa hivi naufunua umeumuka vizuri, unatoa povu juu. Natia sukari nakoroga polepole. Bibi alikuwa anatwanga kwenye kinu, mpaka majirani wengine walikuwa wanaamkia swala ya alfajiri kwa mchi wake. Blenda tulipomletea aliikubali, ila nazi akakataa katakata, mpaka leo nakuna kwa mbuzi na kuchuja kwa kifumbu, alisema tui la mashine halina mkono wa mtu.

Saa 10 na nusu
Mkaa umeshika. Chuma cha vitumbua ni kilekile cha Bibi, kizito, na tundu moja limemeguka ukingoni kwa hiyo kila kitumbua kinachotoka hapo kinakuwa na mkia. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunagombania hicho chenye mkia na yeye ndiye anaamua nani apewe, na hakuwa anatoa ovyo, anampa aliyeshinda na homa au aliyelia usiku kwa jambo ambalo hakumwambia mtu. Yaani hukuwa umemwambia kitu lakini asubuhi unakabidhiwa chenye mkia, na hapo unajua Bibi kasikia. Hakuna siku nilimsikia akisema anatupenda, si maneno yake hayo, ila nilishakula vyenye mkia vingi sana mwaka ule mama yangu alipoondoka kwenda Muscat kufanya kazi za ndani, nikiwa darasa la tatu.

Nageuzia spoku ya baiskeli, mwisho wake imefungwa kitambaa isiunguze mkono. Ni ya kwake pia. Miezi yake ya mwisho sukari ilikuwa imemla miguu, hawezi kukaa kibarazani, tukamlaza chumba cha mbele dirisha likiwa wazi, basi mimi niko hapa na moto yeye kalala ndani, haoni kitu, nasikia tu sauti, "Geuza." Na kweli nikigeuza chini kishapiga rangi. Alikuwa anasikiliza mafuta. Kitumbua kibichi mafuta yanapiga kelele, kikikaribia kuiva yanatulia, hicho ndicho alichokuwa anakisikia. Sa hivi na mimi nasikia.

Saa 12 asubuhi
Wateja. Wa kiwanda cha saruji wanaowahi gari la Pongwe, vijana wa bandarini, watoto wa shule, na baiskeli kama mnavyoijua Tanga, mtu hashuki hata, anaweka mguu mmoja kwenye baraza anasema "nifungie vitano". Muda huu sina la kuandika, mikono tu inafanya kazi.

Saa 3
Vimeisha. Naosha vyombo nahesabu hela, halafu naandika madeni kwenye daftari. Nitumie simu? Hapana, naandika palepale alipoandika yeye. Bibi hakusoma shule. Babake alikuja kutoka Kigoma na SILABU, ile ofisi iliyoanzishwa 1944 kutafuta vibarua wa mashamba ya mkonge, akafikia kambi za upande wa Muheza na Bibi akazaliwa hukohuko kambini. Kuandika alijifunza mtu mzima, kwenye kisomo cha miaka ile ya 70 serikali ilipokazania elimu ya watu wazima, anaenda na mtoto mgongoni jioni baada ya shamba. Kwa hiyo daftari lote ni herufi kubwa, zimekandamizwa mpaka karatasi ya nyuma inasomeka kwa vidole. Na hakuandika majina, kaandika BAISKELI NYEKUNDU. MAMA MAPACHA. MWALIMU MREFU. Akilipa anapiga mstari mmoja ulionyooka. Kuna kurasa kuna watu hawakulipa na pembeni kaandika BASI, maana yake kasamehe, hataki kuulizwa tena. Na mimi ukiniuliza ninachojivunia kwenye nyumba hii ntakuonyesha hilo daftari kabla ya kitu kingine chochote.

Saa 5
Mgandini sokoni, nyama, vitunguu, bizari, mchele wa pilau. Jua kali. Bodaboda narudi.

Saa 8 mchana
Ua umejaa wanawake wanamenya vitunguu saumu na hapa ndo maneno yanatoka. Mama Mkubwa kaja na yeye anakumbuka ambayo sisi hatukuyaona. Babu alikuwa fundi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, walikuwa na maisha kabisa. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za mkonge, sasa nailoni ilivyoingia duniani bei ikaanguka, mashamba yakafifia moja baada ya jingine, kufika mwisho wa miaka ya 80 hata tani 50,000 hazifiki. Babu akarudishwa nyumbani. Wakahamia mjini na watoto, hawana kitu, na Babu kusema kweli ile kazi ilipoisha na yeye aliisha, alikuwa anakaa tu. Bibi akaanza vitumbua. Na ni ile miaka sukari haipatikani, unapanga foleni duka la kaya unapewa kipimo, sukari ikikosekana anakaanga mihogo, mihogo ikikosekana anauza uji. Mjomba wetu kasoma sekondari hivyo, Mama Mkubwa kasoma cherehani hivyo, na sisi wajukuu tukafuata palepale kwenye hela za shilingi shilingi. Ada ya sekondari ilipofutwa 2016 mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, hela iliyokuwa imetengwa Bibi akaenda kununua godoro. Alikuwa amelalia mkeka siku zote hizo na hakuna aliyewahi kumsikia analalamika mgongo.

Halafu akatokea jirani mmoja akasema marehemu alikuwa mpole sana. Mama Mkubwa akaweka kisu chini. "Mpole nani? Mama yangu hakuwa mpole." Nilifurahi sana aliposema vile, maana kwenye misiba yetu kila marehemu ni mpole na mcheshi na hakugombana na mtu, matokeo yake wote wanafanana. Bibi alikuwa mkali. Kuna mwanaume mtaani alikuwa anampiga mkewe, asubuhi akaja kununua vitumbua, Bibi akamwambia mbele za watu sikuuzii, nenda kwanza kamalize na mwenzio nyumbani. Akarudi kesho yake, hakuuziwa. Na kesho yake tena hivyohivyo, mpaka siku mke alipokuja mwenyewe kumwambia Bibi sasa muuzie. Sisi ukichelewa kurudi shule unakuta kasimama mlangoni na kanga kiunoni, na hapo ujue hamna mtu wa kukutetea. Ukali huohuo ndio uliotulea.

Saa 10 jioni
Hitma. Juzuu zimegawiwa, wanaume barazani na kwenye jamvi nje, wanawake ndani. Mama yuko WhatsApp kutoka Muscat, bosi wake kampa ruhusa ya saa moja, tumemuegesha simu kwenye kabati ili aone chumba chote. Alikuwa anaitikia amin kutoka kule, mtandao unakata unarudi, na sisi tunamsubiri kidogo amalize amin yake ndo tunaendelea. Kila mtu kasubiri, hata shehe. Dua ikaisha pilau ikatoka, imetosha na kubaki, alhamdulillah.

Saa 2 usiku
Masufuria yameoshwa. Binti wa Mjomba, kamaliza kidato cha nne, kanifuata jikoni akasema dada nataka nijifunze. Nikamuuliza mara mbili kama anajua ni saa ngapi za kuamka, akasema anajua. Basi kesho Ijumaa anaanza na kuchambua mchele, na atachambua mchele wiki na wiki kama mimi nilivyochambuzwa, chuma hagusi mpaka niridhike. Nishamwambia kabisa ntakuwa mkali.