Mwacheni Alalie

Kishingo, tetea wangu mwekundu wa shingo tupu, ameangua. Kelele za vifaranga zimeujaza ua wetu hapa Makorora, Tanga, na mimi nimejawa na furaha hata kazi haziendi.

Alipoanza kulalia, bibi wa nyumba ya pili alimwona amevimba manyoya, akanishauri: "Mwanangu, huyo mchovye kwenye ndoo ya maji, moto wa kuatamia utamtoka. Siku chache tu utamwona anataga tena." Nikamwambia, "Niwie radhi bibi, huyu namwacha alalie." Namwelewa bibi. Kuku akilalia hatagi, na akishaangua atalea wiki kadhaa kabla ya kukumbuka kutaga, na yai siku hizi ni pesa. Lakini tetea wa kienyeji anayetaka kulalia mwenyewe ni mali ambayo hainunuliki dukani. Mashine ya kutotolesha umeme ukikatika usiku wa manane inapoa na mayai yake. Kuku hapoi.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kwenye mayai, na hapo ndipo naona wengi tunamwonea kuku kwa kumwita mviza, yaani mharibu mayai. Hiki ni kipindi cha kaskazi, chumba mchana kinachemka. Yai likisubiri kwenye joto la namna hiyo, kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, huanza kukua nusunusu kisha hufa, na hata ukimwekea kuku hodari vipi atalilalia bure. Kwa hiyo nilikuwa nayaokota kila jioni, nayapanga kwenye mchanga kando ya mtungi, pale penye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini, bila kuyaosha. Yaliyozidi wiki tuliyakaanga. Nikampa 12 tu, kiasi ambacho mwili wake unaweza kufunika bila yai kuchungulia nje. Kila moja nililitia alama ya mkaa, ili tetea mwingine akija kutaga hapohapo nilijue yai geni na kulitoa. Kiota ni pakacha kuukuu: chini mchanga uliochanganywa na majivu kwa ajili ya utitiri, juu majani makavu. Nilimwekea usiku, maana usiku kuku hagombi.

Kwa siku alikuwa akitoka mara moja, muda mfupi tu. Maji, mtama kidogo, kuoga vumbi, mavi makubwa yenye harufu kali, kisha anarudi mbio. Alikonda. Akishakaa, hupitisha mdomo chini ya yai na kulivuta kifuani. Ya pembeni huyaleta kati, ya kati huyasukuma pembeni, na yote huyageuza. Bila kugeuzwa kiinitete kingegandana na gamba. Kifua chake kimenyonyoka manyoya, ngozi tupu ndiyo inayogusa yai, na ukiingiza mkono pale unahisi moto wenyewe.

Wiki ilipotimia nikayamulika usiku kwa tochi ya simu. Mawili yalikuwa meupe, hayana kitu, nikayatoa. Mengine yalikuwa na mishipa myekundu iliyotanda kama utando wa buibui, na katikati doa jeusi linalotikisika.

Hesabu ya kuku ni siku 21. Ilipokaribia, niliinama nikasikia mlio ndani ya yai ambalo bado halina hata ufa. Kifaranga huanza kwa kutoboa ngozi ya ndani na kuvuta pumzi kwenye ule uwazi wa upande mnene, na kuanzia hapo hulia. Kishingo alimjibu kwa sauti ya chini ya kooni ambayo sijawahi kumsikia akiitoa kwa kitu kingine. Walikuwa wanazungumza, mama na mtoto, gamba likiwa kati yao.

Asubuhi yake yai moja lilikuwa na kitundu, ncha ya mdomo inaonekana, kisha kimya hadi mchana. Mtoto wa kaka yangu hakuvumilia. "Shangazi, kamekwama! Tukasaidie." Nikamwambia, "Tulia baba, hakajakwama." Katika kimya kile kifaranga anavuta kiini cha njano kiingie tumboni, na mishipa iliyoshikana na gamba inakauka. Ukimbandua mapema anatoka na damu, na mara nyingi hufa mkononi mwako. Tukakaa mbali. Magharibi akalizungusha gamba mwenyewe, akalikata duara, akatoka amelowa.

Chakula cha kwanza hawana haraka nacho, kile kiini kinawatosha siku mbili hivi. Mimi wasiwasi wangu ni kunguru. Wa hapa mjini hawaogopi hata mtu. Jumamosi nitapita soko la Mgandini kutafuta tenga pana la kuwafunikia, kisha nimwone bwana mifugo kuhusu chanjo ya ugonjwa wa mdondo (kideri), ile ya tone la jicho.