Yule sista mwembamba

Leo 5 Mei, siku ya wakunga duniani. Nimetoka naiti, wenzangu wamebaki kituoni na sare zao wanapiga picha chini ya mwembe, mimi nikasema kichwa kinauma nikarudi zangu nyumbani. Kichwa hakiumi. Ni kwamba mwaka ule wa mwisho yeye ndo alitupanga, wafupi mbele warefu nyuma, na ile picha mpaka leo sijaifungua tena kwenye simu.

Jina lake silitaji, sijamuomba mama yake ruhusa. Hata wamama wengi walikuwa hawalijui, wanasema tu yule sista mwembamba. Alikuja kwetu katoka chuo na diploma yake, miaka 23, sare imempwaya kama ya kuazima, na mimi mwenye miaka kumi na tano leba nikamwangalia nikasema moyoni huyu wiki mbili tu tutamkuta analia stoo.

Hakulia. Ila alitusumbua kwelikweli.

Kama hujawahi kufanya kazi leba ngoja nikueleze kitu kinaitwa patografu. Ni karatasi ya kufuatilia uchungu, mama akishafunguka vizuri unasikiliza mapigo ya mtoto kila nusu saa (yanatakiwa yacheze kati ya 110 na 160), unaandika uchungu unavyokuja, kila masaa manne unampima njia, unaweka alama zako na ule mstari unakuonyesha kama mambo yanaenda au yanakwama. Karatasi nzuri sana. Sasa ukweli ambao hatuusemi kwenye semina ni kwamba ukiwa mkunga mmoja na wamama sita, wengi tunaijaza mtoto akishazaliwa. Unakaa pale unakumbukakumbuka, 140, 138, 142, mstari unanyooka kama umechorwa na rula. Huyu binti alikuwa hafanyi hivyo. Anaandika alichosikia saa aliyosikia, na kama hakusikiliza anaacha wazi, yani panabaki tupu, inchaji akiuliza anasema "nilikuwa kitanda cha tatu, sikupima". Nikamgombeza siku moja, mdogo wangu wakija wakaguzi utatuletea balaa. Akanijibu na adabu zake zote, "Samahani dada, ila nikiandika 140 na sikusikiliza, wa zamu ya asubuhi ataiamini." Nikanuna siku nzima. Nani anapenda kufundishwa na mtoto.

Halafu kuna ule usiku. Mama kaletwa na bodaboda, chupa imeshapasuka, hata kanga hatujamaliza kutandika mtoto huyo katoka, hana sauti, mweupe, mlegevu kama kitambaa. Mimi nikabaki upande wa mama maana damu ilikuwa inanitisha, nimeshamchoma oksitosini, sindano ya kuzuia damu, nasubiri kondo, yeye akachukua mtoto. Wote tulifundishwa, dakika ya kwanza ndo dakika yenyewe, mkaushe, msugue mgongo, asipolia weka ambubegi, ule mfuko wa kubonyeza wenye kinyago, umpe pumzi. Akaweka. Dakika zikaenda, zikaenda, mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama, tunayo maneno yetu ya siku hizo, tumeyazoea. Nilivyogeuka nikamkuta kaachia begi kidogo, kashika kitovu kwa vidole viwili, anahesabu midomo inachezacheza. "Kinapiga dada. Taratibu, lakini kinapiga." Akarudi kwenye begi. Mtoto alilia dakika ya saba. Najua ni ya saba kwa sababu aliandika.

Wakubwa wakija kutembelea wanasoma takwimu, utafiti wa afya wa taifa hapa Tanzania wa 2015/16 ulitoa vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 na wa 2022 ukatoa 104. Wanataja majengo, wanataja ambulensi, na sibishi, vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya vimetusaidia mno. Ila mimi nikisikia hiyo 104 nakumbuka mtu aliyekataa kuandika 140.

Alifariki mwezi wa nane 2024. Alikuwa naiti, akatoa ripoti asubuhi, akanunua chapati mbili kwa mama wa pale getini, akaenda kulala. Jioni hakuamka. Miaka 27. Walisema ni moyo, wengine wakasema yao, mnajua watu wetu na kifo cha kijana, mpaka habari za kurogwa zilipita na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Tulimsindikiza kwao Bukoba, sisi kwenye kosta, gari lenye mwili mbele yetu. Daraja la Kigongo-Busisi, la kuvuka ziwa, lilikuwa bado halijafunguliwa, tukakaa pale Kigongo tunasubiri kivuko, wauza karanga wanakuja dirishani wakiona msiba wanarudi nyuma kimyakimya. Sasa hivi unavuka kwa dakika chache tu, nimepita mwaka huu, sikupenda ilivyokuwa haraka. Kaburi lilichimbwa kibanjani kwao, katikati ya migomba. Mama yake alinishika mikono yote miwili akawa ananielezea alivyompigia simu mara ya mwisho, walivyocheka, na mimi sijui nini kilinipata nikamuuliza, "Ilikuwa saa ngapi mama?" Kama vile namchukulia historia mgonjwa. Akasema, "Mwanangu, saa sikuangalia." Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka leo, hata kama yeye hakuonyesha kuchukia, aliniwekea na ndizi kwenye sahani.

Sasa wiki iliyopita kaja mama mmoja, mimba ya pili, njia imeshafunguka senti saba, anatembea kashika ukuta. Ananiangalia mimi, anaangalia mlango. "Sista, yule mwembamba hayupo leo?" Huwezi kumwambia mtu akiwa senti saba. Nikasema yuko ofu. Akauliza anarudi lini, nikamwambia panda kitandani mama nimsikilize mtoto.

Nikachukua kile kibomba chetu cha kusikilizia mapigo ya mtoto, nikaweka sikio tumboni, nikahesabu dakika nzima. 132. Nikaangalia saa ya ukutani, saa nane na dakika ishirini, nikaandika. Nusu saa iliyofuata nilikuwa kitanda kingine, pale nikaacha wazi.