Gego la Mtoto na Virusi vya Mate

Mtoto wa dada yangu alikuwa na umri wa miaka 6 alipolalamika kwamba gego lake la juu linacheza. Nyumbani kwao Ahero hakuna aliyeshtuka, kwani huo ndio umri wa kung'oka meno; tulichosahau ni kwamba yanayotangulia ni ya mbele, na gego la utotoni aghalabu husubiri hadi miaka 9 au zaidi. Kliniki moja mjini Kisumu ikaling'oa. Wiki mbili baadaye pengo lilikuwa halijafunga, nyama laini imechomoza humo, na shavu limefura hadi jicho likawa nusu limefumba. Kipande cha nyama hiyo kilipopimwa maabara, jibu lilikuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga.

Daktari alipoeleza kwamba saratani hiyo inahusishwa na virusi vinavyoenea kwa mate, dada yangu alisikia jambo moja tu: kwamba yeye ndiye aliyemwambukiza mwanawe, kwa kuwa alikuwa akimtafunia samaki na kumtolea miiba kabla ya kumlisha. Ninaandika hasa kwa sababu ya hatia hiyo, ambayo haina msingi.

Virusi hivyo, viitwavyo Epstein-Barr, vimo mwilini mwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, na huku kanda ya ziwa watoto wengi huvipata kabla ya kutimiza miaka 3. Kama vingetosha peke yavyo, darasa zima la mpwa wangu lingekuwa wodini.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe huu wa taya mwaka 1958, kisha akaufuatilia kwenye ramani na kuona kwamba unapenda sehemu zenye joto na mvua, na hupungua kadiri mtu anavyopanda nyanda za juu. Sampuli kutoka Uganda zilisafirishwa hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Ramani, hata hivyo, ilikuwa ikielekeza kwenye malaria. Malaria inayomrudia mtoto huzichochea seli B, chembe za kinga ambamo virusi hujificha, zigawanyike kupita kiasi, na papo hapo hudhoofisha kinga inayovidhibiti. Katika mgawanyiko huo kipande cha kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, huhamia kwingine, mara nyingi kwenye ya 14, na jeni iitwayo MYC hubaki ikiamuru ukuaji usiokoma. Huku kwetu virusi hukutwa karibu katika kila uvimbe wa aina hii, ilhali Ulaya na Marekani uvimbe mwingi wa limfoma hiyohiyo hauna virusi, ndiyo maana napendelea kuviita mshirika kuliko chanzo.

Dozi ya kwanza ya siklofosfamidi, dawa ya saratani, ilianza kulirudisha shavu ndani ya siku chache, kwa maana uvimbe unaokua kwa pupa namna hiyo ndio pia unaoathiriwa upesi na dawa. Dada yangu sasa humchambulia kitinda mimba wake samaki kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, wala hatii hata kipande kinywani mwake, ingawa nimemweleza haya yote mara tatu.