Bunge la Nchi Isiyokuwepo

Anayebuni nchi ya kufikirika kwa ajili ya riwaya au mchezo mara nyingi huanza na vyama: kimoja cha wakulima, kingine cha wafanyabiashara, kingine cha wanamapinduzi, kila kimoja na bendera yake. Mimi huona afadhali kuanza na kanuni za uchaguzi, kwa kuwa ndizo zinazoamua ni vyama vingapi vitaweza kudumu. Nchini Uingereza, ambako kila jimbo humtoa mshindi mmoja tu, chama cha Labour kilipata takriban theluthi moja ya kura mwaka 2024, na bado kikatwaa viti zaidi ya 400 kati ya 650. Nchini Uholanzi, ambako viti 150 hugawanywa kwa uwiano wa kura za nchi nzima, hata chama chenye chini ya asilimia 1 ya kura kinaweza kuingia bungeni, na ndiyo maana serikali za huko huwa za muungano. Ujerumani imeweka kizingiti cha asilimia 5 ya kura, ambacho kwa kawaida chama lazima kikifikie ili kigawiwe viti.

Bunge langu la kubuni lina wabunge 101, bila kumhesabu Spika, na chama tawala kina 51. Mbunge wao mmoja akilazwa hospitalini, kura za muswada zinakuwa 50 kwa 50, na Spika, ambaye siku nyingine hakuna anayemjali, anageuka kuwa mtu wa kubembelezwa na pande zote. Kwa desturi ya Uingereza, angepiga kura ya kuendeleza mjadala au kuacha mambo yalivyo. Kanuni za bunge langu nimeziacha kimya kuhusu hilo, kwa makusudi kabisa, ili wanasheria wa upinzani wapate la kubishania.