Bei iliyokatika kwenye simu ya mama

Kwa siku tatu mfululizo nimelala saa tisa usiku. Upepo wa Agosti unapiga mabati huku Nkuhungu, Dodoma, nami nimeikodolea macho meza moja ya kazi na jedwali moja la bei.

Nawatengenezea tovuti wakulima wachache wa zabibu wa Mpunguzi. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilikaa sawa. Jumatatu mama mmoja wa kikundi akanipigia: “Mwanangu, bei haionekani. Nikiivutia huku, majina yanakimbilia kule.” Huu ndio msimu wa pili wa mavuno kwa mwaka. Mnunuzi akikuta ukurasa unayumba kushoto na kulia, anapita zake, na zabibu zimeshaiva.

Nikarekebisha upana, pakatulia. Kesho yake tatizo limerudi palepale. Nikarekebisha tena, likarudi. Nikaanza kujitilia shaka, kama kweli kazi hii naijua, na hilo liliniuma kuliko kukosa usingizi.

Juzi usiku nikaacha kubahatisha. Nilitoa nakala ya ukurasa, nikafuta nusu, nikaitazama kwenye simu. Nusu iliyobaki bado inayumba. Nikaikata tena nusu. Mara ya 5 nikabaki na jedwali peke yake. Kufungua msimbo wake, ndani ya lebo, ile alama inayolianzisha jedwali, pameandikwa upana wa pikseli 1200. Skrini ya simu ya mama inahesabiwa 360! Namba hiyo sikuiandika mimi. Kila nilipoufungua ukurasa kwenye ile programu ya kusanifu, nikaburuta kitu na kukidondosha, yenyewe iliiandika upya kimya kimya. Na mtindo uliomo ndani ya lebo huushinda ule wa kwenye faili la CSS, lile la kupanga mwonekano wa ukurasa ambamo nilikuwa narekebisha, kwa hiyo marekebisho yangu yote yalikuwa sahihi, ila yalikosa nguvu kila namba hiyo iliporudi.

Programu ikigoma naivumilia; unaizima, unaiwasha, unaendelea. Kunibadilishia kazi bila hata kunionyesha, hapana, hilo limenikera sana. Jedwali nimeliandika upya kwa mkono, na kwenye programu hiyo silifungui tena.

Jana saa nne asubuhi nilimpigia mama. Akanisomea bei zote kwa sauti, moja moja, hadi ya mwisho. Halafu akaniomba nikuze herufi kidogo, maana ikifika jioni macho yake hayaoni vizuri.