Jinsi Nilivyogundua Kwa Nini Injini ya Lori Haikupata Joto

Kwa miaka mingi nimezoea kuletewa malori yanayochemsha, lakini lori ninalolieleza hapa lilikuwa na tatizo la kinyume chake: injini yake ya dizeli, yenye silinda 6, ilikuwa haipati joto. Kwenye barabara tambarare, likiwa tupu, mshale wa geji ulikaa kwenye nyuzijoto 60 za Selisiasi. Likipanda mlima na mzigo, mshale ulisogea hadi karibu na 80, na likianza kuteremka ulirudi hadi 55. Dereva hakuwa amelileta kwa sababu hiyo. Alilalamikia moshi mweupe wa asubuhi na ulaji mkubwa wa mafuta, na nilipomwonyesha mshale alinijibu kwa uhakika kabisa: "Fundi, hilo halinisumbui. Gari hili halijawahi kuchemsha hata siku moja."

Nilimwelewa, kwa maana mtu aliyewahi kukwama njiani huku rejeta ikitoa mvuke huona injini ya baridi kuwa ndiyo salama. Hata hivyo, dizeli haiwashwi na cheche za plagi, bali huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda, na kuta za silinda zikiwa baridi, sehemu ya mafuta yanayopulizwa haiungui. Mafuta hayo hugusa kuta, huosha utando wa oili unaozilinda, kisha hupenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Mvuke wa maji unaotokana na mwako nao hupoa humo humo, ukageuka maji na kuifanya oili iwe tope. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta kiwango kimepita alama ya juu, ilhali hakuna aliyeongeza oili, na nilipoisugua kati ya vidole viwili ilikuwa nyepesi mno na ilinuka dizeli. Nilimpa dereva kijiti akanusa mwenyewe, na tangu hapo hatukubishana tena.

Nilianza na mambo mepesi. Injini ikiwa imepoa kabisa, nilifungua kifuniko na kuangalia kulanti, yaani maji ya kupozea injini, kwa sababu ikipungua sana sensa hubaki hewani na geji husoma joto la chini kuliko lile halisi. Kulanti ilikuwa imejaa. Kisha nilitaka kujua kama geji yenyewe inasema kweli. Nilibandika kipande cha utepe mweusi kwenye kasha la themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto), karibu na sensa, nikapima hapo kwa kipimajoto cha mionzi. Utepe ni muhimu, kwani chuma kinachong'aa hukidanganya kipimo hicho. Geji ilisoma 60 na kipimajoto kikasoma 61, kwa hiyo injini ilikuwa baridi kweli. Klachi ya feni ikiganda, feni huzunguka kwa kasi muda wote na kuipoza injini kupita kiasi, lakini hii niliizungusha kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ikazunguka vizuri, na barabarani hatukusikia mvumo wake wa nguvu.

Kipimo kilichonifungua macho kilihitaji subira. Lori lililala usiku kucha, na asubuhi niliwasha injini nikiwa nimeweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta, mbali na feni na mikanda. Themostati ikifunga sawasawa, mpira huo hubaki baridi kwa muda mrefu, halafu joto hufika kwa ghafla pale themostati inapofunguka. Hapa haikuwa hivyo. Mshale ulikuwa haujafika hata 40 nilipoanza kuhisi vuguvugu, ambalo lilipanda polepole sambamba na injini. Maji yalikuwa yanapita kwenda kwenye rejeta wakati njia ilipaswa kuwa imefungwa. Jambo hilo lilieleza pia tabia ya mshale milimani: joto lilikuwa linafuata mzigo tu, likipanda injini inapofanya kazi na kushuka inapopumzika, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulidhibiti.

Niliwaza moja kwa moja kwamba themostati zimekwama zikiwa wazi. Kasha la injini hii huwa na mbili, na zote zilikuwa na chapa ya 82, yaani nyuzijoto zinapopaswa kuanza kufunguka. Kabla ya kuagiza mpya nilizining'iniza kwa waya ndani ya sufuria ya maji, bila kugusa kitako kwa kuwa chuma cha kitako huwa na joto kuliko maji, nikaweka kipimajoto kando yake na kukoroga taratibu. Zote mbili zilianza kufunguka maji yalipopita kidogo 82, zikawa wazi kabisa kwenye 95, na maji yalipopoa zikafunga barabara. Nilizielekeza kwenye taa na sikuona mwanga ukipenya popote. Nilikuwa nimeshaziandika kwenye orodha ya vipuri, nikazifuta.

Nilirudi kwenye kasha nikiwa na tochi. Kila themostati huingia ndani ya sili ya mpira yenye mdomo unaokumbatia mwili wake, ili maji yasipite pembeni. Nilipitisha ukucha kwenye mdomo wa sili ya kwanza nikakuta umekuwa mgumu kama pembe, na upande mmoja ulikuwa umekatika sehemu yenye urefu wa kama ukucha wenyewe. Kwenye mwili wa themostati iliyokaa hapo kulikuwa na mfereji mwembamba unaong'aa, uliosuguliwa na maji. Sili ya pili haikuwa imekatika, lakini ililegea kiasi kwamba themostati iliingia na kutoka bila kukwama. Themostati zilifanya kazi yake vizuri huku maji yakizipita ubavuni.

Nilichora mdomo wa sili ulivyoelekea kabla ya kuzitoa, kwa sababu ikiwekwa kinyume huvuja upya. Mpya nilizigongea polepole kwa bushi yenye upana unaolingana nazo ili zikae sawa bila kupinda, nikalainisha midomo kwa kulanti, nikabadilisha gasketi, nikajaza mfumo taratibu na kutoa hewa yote. Oili na filta yake vilibadilishwa siku hiyo hiyo, kwani oili iliyochanganyika na dizeli haifai kuachwa hata kwa safari moja.

Dereva alikuwa ameshauri mwanzoni kwamba kama themostati ni mbovu, nizitoe tu na kufunga kasha. Nililikataa wazo hilo na nitaendelea kulikataa. Katika injini nyingi za namna hii themostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ikiondolewa, njia zote mbili hubaki wazi, na injini hiyo hiyo inayokosa joto ikiwa tupu inaweza kuchemsha ikipanda mlima na mzigo.

Asubuhi iliyofuata mpira wa juu ulibaki baridi hadi mshale ulipokaribia 82, kisha ukawa wa moto kwa muda mfupi. Barabarani mshale ulikaa kati ya 84 na 88, kwenye mlima na kwenye mteremko. Lori liliporudi baada ya wiki mbili, nilichomoa tena kijiti cha oili kabla ya kuuliza habari za safari. Kiwango kilikuwa pale pale nilipokiacha, na harufu ya dizeli haikuwepo.