Jinsi nilivyojifunza kumwanzisha mtu Old School RuneScape bila kumkimbiza

Mtu wa kwanza niliyemwingiza kwenye Old School RuneScape alikua mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, yeye yuko Morogoro anasoma na mimi niko Mwanza. Hakumaliza hata wiki. Na mimi ndo nilimfanya aache, nalisema wazi maana nilikua natamani sana tucheze wote na hiyo hamu yangu ndo ikamharibia.

Kwa asiyeijua, ni gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Jagex ya Uingereza, ilifunguliwa 2013 kwa kuirudisha RuneScape ilivyokua 2007, na tangu 2018 ipo kwenye simu, akaunti yako ileile unacheza kwenye simu na kwenye kompyuta. Kuna upande wa bure na upande wa kulipia uanachama. Kitu kinachotubeba sisi wa huku ni kwamba gemu inakwenda kwa mapigo, kila pigo sekunde 0.6, ukibonyeza kitu kinafanyika pigo linalofuata, kwa hiyo hata seva ikiwa Ulaya huumii kama kwenye gemu za kupigana risasi ambako mtandao ukisita tu ushakufa.

Sasa mdogo wangu. Katoka tu kisiwa cha mafunzo, katua Lumbridge, mji wa kuanzia, mi nishamlipia uanachama wa mwezi mzima kwa hela yangu, nikampa milioni moja ya hela za gemu na seti ya deraya za rune, yaani mavazi ya chuma ya vita. Nikaona nimemfanyia la maana! Kumbe deraya za rune zinataka ulinzi levo 40 na yeye ana levo 1, akawa anazibeba tu kwenye begi. Begi lina nafasi 28, kadhaa zimejaa vitu asivyoweza kuvivaa. Halafu voice note zangu sasa, dakika tano tano, mara nenda huku mara fanya misheni ile, nikamwambia mpaka kwamba levo 99 ya ujuzi mmoja inahitaji XP, yaani pointi za uzoefu, zaidi ya milioni 13, sijui nilikua nataka ajisikieje mtu ambaye ndo kwanza anajifunza kuwasha moto.

Siku ya nne akakutana na mchezaji anamwambia nipe hizo deraya zako nikuwekee urembo wa dhahabu bure. Ni utapeli wa miaka na miaka. Deraya zenye urembo zipo kweli kwenye gemu ila hakuna mchezaji anayeweza kuziweka huo urembo, zinapatikana kwa kufuata vile vidokezo vya hazina. Mi najua, yeye angejulia wapi? Akampa, jamaa akapotea. Akanitumia meseji, "kaka samahani vitu vyako nimeibiwa." Vyako. Hilo neno lilinikaa kichwani muda mrefu, kwa sababu kweli vilikua vyangu, yeye hakukua na kitu chake hata kimoja mle ndani, ndo maana kuacha kulikua rahisi.

Nikakaa kama mwaka sijamwalika mtu. Aliyenirudisha ni shemeji yangu, mke wa kaka, anauza vitenge, akinikuta nacheza anakaa pembeni anaangalia. Siku moja akauliza, "Shem, huyo anavua samaki?" Kwao ni Ukerewe, kwao wote wavuvi. Nikamwambia ndio, akasema niwekee na mimi.

Safari hii sikumpa kitu. Akatoka kisiwani nikamwambia jambo moja tu, nenda jikoni kwenye kasri la pale Lumbridge, mpishi ana shida. Mpishi anataka yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga amtengenezee keki bosi wake. Maongezi yote ni Kiingereza na hapo ndo wengi wetu wanachoka, kwa hiyo nilikua namsomea kwa Kiswahili, tena namsomea tu, simwambii jibu. Yai kaokota kwa kuku, maziwa kakamua. Unga ukamsumbua karibu nusu saa. Unachuma ngano, unapanda juu kabisa ya kinu unaimwaga, halafu lazima ushushe ule mkono wa mashine, ndo ushuke chini ukiwa na chungu kitupu ukazoe unga. Yeye alimwaga ngano akashuka, hamna unga. Akapanda, akashuka. Nilijizuia kusema mpaka mikono inaniwasha aisee. Mwisho akauona mkono mwenyewe, akaushusha, akateremka mbio, na aliponiambia "umetoka!" nikajua huyu hatoki tena kwenye gemu.

Baada ya pale nilikua namuuliza swali moja tu kila akiingia, leo unataka kufanya nini. Jibu lake siku zote uvuvi. Basi tukafuata uvuvi, na uvuvi wenyewe ukamfundisha vingine vyote bila mimi kuhubiri. Alianza na dagaa kamba wa kwenye kinamasi kusini ya Lumbridge, levo 20 nikamwambia sasa unaweza kuvua trauti pale Barbarian Village ila chambo chake ni manyoya. Manyoya yanatoka wapi? Kwa kuku. Kwa hiyo akarudi bandani kupiga kuku, hapo ndo akajifunza kupigana, na akajifunza kwamba manyoya hata yakiwa elfu yanakaa nafasi moja ya begi ila samaki kila mmoja anakula nafasi yake, hapo ndo akaelewa benki ni ya nini. Samaki wakawa wanaungua akikaanga, akagundua jiko la yule mpishi wa kasri, ambalo unaruhusiwa kulitumia ukishamsaidia, vyakula vya mwanzo vinaungua kidogo kuliko kwingine. Alinifundisha mimi hiyo, nilishaisahau.

Vitu viwili tu ndo nilimlazimisha kabla hajauliza. Cha kwanza uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, tuliweka siku ileile, na nikamwambia mtu akikuomba vitu akuongezee, akupambie au akuzidishie hela mara mbili, usimpe hata akiwa mpole namna gani. Cha pili ule mtaro wa kaskazini kuelekea Wilderness, ukivuka wachezaji wengine wanaruhusiwa kukuua na wanaweza kuchukua sehemu kubwa ya ulichobeba, kwa hiyo ukitaka kuvuka vuka, ila weka vitu vya thamani benki kwanza. Nilimwonyesha na lile dirisha la pili la kubadilishana vitu, lisome kabla hujakubali. Mengine yote akikosea anajifunza, haya ukikosea unapoteza kazi ya wiki.

Uanachama hajalipia mpaka leo na mi sijamgusia, upande wa bure bado haujamwishia.

Mdogo wangu nilimpigia mwezi uliopita nikamwomba msamaha kwanza, halafu nikamuuliza kama anataka kujaribu tena, akaunti mpya, simpi kitu. Akakubali. Nikamuunganisha na shemeji, mimi nikakaa kimya. Juzi shemeji kafika levo 40 ya uvuvi, anaweza kuvua kamba wakubwa kule kisiwa cha Karamja, akaniuliza anafikaje. Nikamjibu nenda bandarini Port Sarim ukaongee na mabaharia, nauli hela 30 za gemu. Dakika kumi baadaye naona wako wawili pale gatini, dogo hana nauli, shemeji anamwandikia, "nenda kauze samaki zako dukani, mi nakusubiri hapa."